Sebule ya nyumba ya zamani, rangi inabanduka ukutani: mimi na mr tuanzie wapi?

Binti wa Ng'ambo

Wadau habari za saa hizi, naombeni ushauri kabla hatujamwaga hela. Mimi na mr tumehamia nyumba ya marehemu babu yake hapa Tabora upande wa Ng'ambo, nyumba ya zamani, tofali za kuchoma zimejengwa kwa udongo halafu juu ikapigwa lipu ya simenti, bati bado zima halivuji. Tumeamua sebule tuitengeneze wenyewe taratibu, wikiendi kwa wikiendi, maana fundi aliyekuja kutupigia hesabu alitaja hela ambayo ukiisikia unatafuta kiti kwanza. Sebule ni futi 12 kwa 14, kimo futi 9 mpaka kwenye silingi bodi, mlango mmoja na madirisha mawili.

Shida ni ukuta unaotazama uani. Kuanzia sakafuni mpaka usawa wa magoti rangi inavimba malengelenge halafu inabanduka yenyewe, na chini yake kuna unga mweupe (mwanangu kaulamba, anasema una chumvi, nimemchapa kidogo ila taarifa ndo nimeshaipata). Lipu ukiigonga kwa kidole inalia wazi. Wapangaji waliokuwepo kabla yetu walipaka rangi ya mafuta ya kahawia hapo chini ili watoto wasichafue.

Sasa humu ndani kuna kambi mbili. Mr anataka tununue zile paneli za plastiki tufunike ukuta mzima, nyuma tuweke taa za LED, biashara iishe. Mimi nataka ukuta mweupe safi, mapazia ya maana na kabati la TV la mninga, maana uishi Tabora halafu ununue kabati la maranda yaliyogandishwa kwa gundi mimi naona ni kujidhalilisha. Bajeti ya kuanzia laki sita. Vifaa tuna nyundo, msumeno, pima maji, na drili ya kuazima kwa shemeji. Nani yuko sahihi?

Mzuka wa Isevya

Paneli na taa za LED sebuleni?? Hapo mr akikaa chini ya hizo taa mtu ataingia amuulize kunyoa bei gani 😂😂

Fundi Mstaafu Kiloleni

Mwangaluka wote. Binti, umeeleza vizuri kuliko wateja wangu wengi, kwahiyo na mimi nitakueleza kwa kirefu, mniwie radhi.

Huo ukuta unakunywa maji kutoka chini. Nyumba nyingi za zamani hazikuwekewa ile nailoni ya msingi tunayoita dipisii, kwahiyo maji ya ardhini yanapanda kwenye tofali na kwenye ule udongo wa katikati, yanabeba chumvi iliyomo kwenye udongo na kwenye tofali zenyewe, yakifika usoni mwa ukuta maji yanakauka na kwenda zake, chumvi inabaki. Inajikusanya nyuma ya rangi, inasukuma, rangi inavimba. Na wale wapangaji na rangi yao ya mafuta ndo waliongeza tatizo, maana rangi ya mafuta haipitishi pumzi, maji yakikosa pa kutokea hapo chini yanapanda juu zaidi kutafuta njia. Leo ni magotini, mkiziba tena na kitu kingine msishangae mwakani yakawa kiunoni.

Kwahiyo paneli ndo kabisa msiweke kwa sasa. Nyuma ya paneli kunakuwa na uwazi wa giza wenye unyevunyevu, na hapa kwetu Tabora giza na unyevu maana yake ni mchwa, tena paneli hizo hufungwa kwenye fito za mbao laini, yaani umewawekea chakula na kitanda. Mtakuja kujua wapo siku fito zimeisha na paneli zimelala kwenye makochi.

Kabla ya yote hakikisheni kwa kipimo cha bure. Chukueni kipande cha nailoni inayoonyesha, ukubwa kama daftari kubwa, mkibandike ukutani pale palipokwanguliwa rangi, pande zote nne mzibe kwa selotepu hewa isipite, mkiache siku nzima na usiku wake. Mkikuta matone upande wa nailoni unaogusa ukuta, maji yanatoka ndani ya ukuta. Matone yakiwa upande wa chumbani basi ni joto na mvuke wa humo ndani tu, hiyo dawa yake ni kufungua madirisha.

Halafu tokeni nje mkaangalie vitu hivi: udongo wa uani uko juu au chini kuliko sakafu ya sebule? Bati lina gata au maji ya mvua yanapiga chini na kurukia ukutani? Kuna mtu anaoshea vyombo au kuoga karibu na huo ukuta? Leteni majibu hapa.

Kaka Kokoto

Mzee unawazungusha tu. Gonga lipu yote ya chini mpaka futi 4, piga mpya kwa simenti 1 mchanga 3, changanya na ile poda ya kuzuia maji, hapo hapiti hata jasho. Nimefanya nyumba kibao. Wikiendi mbili kazi imeisha, wapake rangi yao.

Fundi Mstaafu Kiloleni

Kaka Kokoto, kwenye ukuta wa bloku uliojengwa kwa simenti nakubaliana na wewe, ila dada amesema umejengwa kwa UDONGO. Lipu ya 1 kwa 3 ni ngumu na inasinyaa sana ikikauka, ukuta wa udongo ni laini na unacheza kidogo kati ya masika na kiangazi, sasa kigumu ukikibandika juu ya laini kinachoachia ni kipi? Ndo hiyo "inalia wazi" aliyoisema. Na hiyo poda yako inafanya kazi ileile ya rangi ya mafuta, unaziba uso huku chanzo kinaendelea.

Hapo mchanganyiko ni simenti ndoo 1, chokaa ndoo 1, mchanga wa mto uliochekechwa ndoo 6. Chokaa inaifanya lipu iwe na ulaini kidogo na inapitisha pumzi. Kabla ya kupiga, kwangueni ule udongo wa kwenye viungio vya tofali uingie ndani kama nusu inchi, sugueni vumbi na chumvi yote kwa brashi kavu (KAVU, mkiosha kwa maji chumvi inayeyuka inarudi ndani), gongeleeni wavu wa kuku kwa misumari kwenye tofali, nyunyizeni maji kidogo tu, ndo mpige. Tabaka mbili nyembamba, msipige moja nene. Baada ya hapo lipu inamwagiliwa asubuhi na jioni wiki nzima, na haipakwi rangi mpaka ikae kama wiki nne. Wikiendi mbili hizo za kwako sijui ni za wapi.

Mr Mwenyewe

Mimi ndo huyo mr 😅 nimetumiwa link na mdogo wangu akaniambia shemeji yako kakuanika. Sawa wakuu nimesoma, kuhusu kinyozi nimesamehe. Lakini nisaidieni kitu kimoja, hayo mawiki manne sebule inakaa uchi wageni wanakuja wanaona nini? Na je TV naweza kuipachika ukutani ukuta mwingine, ule usio na shida? Ni ya inchi 43, brakati ninayo tayari.

Mzuka wa Isevya

Shem wageni waambie ni staili mpya, kule Masaki watu wanalipa hela ukuta uonekane tofali

Fundi Mstaafu Kiloleni

Kijana, TV usipachike kwenye ukuta wa udongo kama huna haja sana. Ukishikilia, basi kila tundu liingie katikati ya tofali na si kwenye kiungio, maana kwenye kiungio fisha (kile kiplastiki cha kushikia skrubu) inazunguka tu haishiki kitu, na tofali za zamani nyingine hazikuiva vizuri, drili ikiingia laini na kutoa vumbi jekundu kama unga hapo pahame. Kwa ushauri wangu hilo kabati la mninga analolitaka mkeo ndo libebe TV. Liwe la kusimama sakafuni, uzito wote uende chini, ukutani mlishike kwa skrubu mbili tu ili mtoto akipanda lisimwangukie.

Na hapo naomba niseme kuhusu mninga maana watu wanauziwa vitu. Nunueni kwenye duka la mbao lenye risiti, msinunue kwa mtu anayepita na baiskeli usiku. Mazao ya misitu yanasafirishwa kwa kibali cha TFS, wale wakala wa misitu, na mkikamatwa na mbao isiyo na karatasi inayolia ni mifuko yenu. Pili, angalieni rangi: mbao ya mninga ina sehemu ya kahawia yenye mistari, hiyo ndo mninga wenyewe, mchwa wanaiogopa. Pembeni kwenye ubao unaweza kukuta utepe mweupe wa manjano, hiyo ni ile sehemu ya nje ya mti, hiyo mchwa wanaila vizuri tu. Ukimwona fundi anakuuzia ubao nusu kahawia nusu nyeupe kwa bei ya mninga mwambie akate pembeni.

Mkishanunua msikimbilie kukata. Zilazeni hapo hapo sebuleni wiki mbili tatu, kati ya ubao na ubao wekeni vijiti hewa ipite, zizoee hewa ya humo ndani ndo mpige randa. Na mkipiga randa au msasa fungueni madirisha na mzibe pua, vumbi la mninga linawasha watu kifua na macho, kuna mafundi wanalikohoa miaka.

Nesi wa Kitongoji

Naongezea kwenye vumbi. Hiyo rangi ya mafuta ya kahawia kama ni ya miaka mingi inaweza kuwa na madini ya risasi, msiipige msasa mkavu hata kidogo, hasa kama kuna mtoto wa kulamba kuta 🙈. Ilowesheni kidogo kwa chupa ya kunyunyizia maji, kwangueni kwa skrepa, maganda yaangukie kwenye turubai mkunje mkatupe mbali na sehemu ya kuku na bustani. Watoto waende kwa bibi siku hiyo. Risasi kwa mtoto mdogo inaharibu ubongo na wala haioneshi dalili haraka. Na jamani mtoto hakustahili kuchapwa, katusaidia wote.

Mama wa Gungu

Habari za Tabora, mimi nawasabahi kutoka Kigoma. Wanaume wameongelea simenti tu, mimi niongelee mapazia maana sebule hata ukuta ukiwa na kidonda, dirisha likivaa vizuri mgeni anaangalia dirisha.

Mdogo wangu usinunue mapazia ya dukani yale mepesi, vumbi la Tabora la mwezi wa saba na wa nane litakutesa kufua kila siku. Chukua kitenge kizito, sisi huku tunavipata vingi vya kutoka Kongo lakini hata hapo sokoni vipo. Hesabu yake ni rahisi: kitenge cha yadi 6 ni futi 18, upana wake inchi 45 au 46. Dirisha la futi 4 linataka kitambaa cha karibu futi 8 ili kijikunje vizuri kisikae kama shuka limeanikwa. Ukikata vipande viwili vya futi 7 na kuvishona ubavu kwa ubavu unapata karibu futi saba na nusu, yaani dirisha moja limekwisha, na zinakubaki futi 4 unatoa foronya za mito ya kwenye makochi. Kwahiyo madirisha yako mawili ni vitenge viwili tu.

Ila ukinunua KILOWEKE kwanza kwenye maji ukikaushe ndo ukate, kinapungua. Na nyuma weka bitana nyeupe, maana jua linakula rangi, dirisha la magharibi kitenge bila bitana kinapauka upande mmoja unabaki na aibu. Pindo la chini liache inchi 4, kikija kupungua tena unalishusha.

Na kama sakafuni kuna lile kapeti la plastiki lifunue uangalie chini yake. Nyumba inayopandisha maji ukutani sakafu nayo haiko salama, kapeti la plastiki linafungia maji chini ndo ile harufu ya nguo mbichi watu wanapuliza pafyumu haiishi. Tandika mkeka kwanza.

Binti wa Ng'ambo

Jamani asanteni sana. Majibu ndo haya: nailoni tumeibandika, matone yamekaa upande wa ukutani, mengi mpaka mr kanyamaza. Nje udongo wa uani uko juu kuliko sakafu ya sebule, tumepima kwa kamba na pima maji tukakuta tofauti ni kama inchi 7! Inaonekana miaka yote watu wanafagia uani takataka na udongo wanasogezea ukutani. Gata hakuna. Na kibaya zaidi karo la kuoshea vyombo liko hapohapo upande wa pili, maji yake hayana mfereji yanaingia tu chini.

Mama wa Gungu shikamoo, kapeti nimefunua. Sitaki hata kueleza.

Fundi Mstaafu Kiloleni

Vizuri, sasa hata mimi nalala. Kazi yenu ya kwanza haiko sebuleni, iko uani, na bahati nzuri ni jembe na beleshi tu. Chimbeni ule udongo kando ya ukuta wote mpaka ushuke chini ya sakafu ya ndani, ikiwezekana inchi 6 chini, lakini msichimbe kwenda chini ya msingi, mkiona mawe ya msingi yanaanza kuonekana upande wa chini simameni hapo hapo. Mwinamo wa ardhi uende mbali na nyumba. Karo lihamie, au kama haliwezekani lijengeeni mfereji wa simenti upeleke maji kwenye migomba. Gata mnunue upande huo mmoja tu kwanza, hiyo hela itoke kwenye laki sita kabla ya kitu kingine chochote. Mkichimba mkakuta vile vinjia vya udongo vya mchwa vinapanda ukutani, vibomoeni muone kama vinarudishwa, vikirudishwa nendeni duka la pembejeo mchukue dawa ya mchwa ya kumwagia ardhini, fuateni kipimo cha kwenye kopo. Msitumie oili chafu, nyumba itanuka mpaka mtaihama.

Sasa hivi ndo mvua zinaelekea kukata. Mkichimba mwezi huu na kukwangua ile rangi na lipu mbovu, muuache ukuta uchi mwezi wa tano na wa sita wote na madirisha wazi. Kiangazi cha Tabora ndo fundi mzuri kuliko sisi wote na hadai hela ya chai. Mwezi wa saba mpige lipu, wa nane skimu (lile tabaka jembamba la kulainisha ukuta) na rangi. Na skimu ya huo ukuta wa chini iwe ya simenti nyeupe na chokaa, msitumie unga wa jipsamu, jipsamu ikionja maji tu inalainika kama uji.

Mr, huko kuta tatu nzima unaweza kuanza hata kesho ili wageni wako waone kitu.

Kaka Kokoto

Haya mzee nimekuelewa kwenye la udongo. Ila rangi msidanganywe. Watawaambia nunueni ndoo ya lita 20. Sebule ya futi 12 kwa 14 mzunguko wake futi 52, zidisha kimo 9 ni futi za mraba 468, toa mlango na madirisha inabaki kama 400, sawa na mita za mraba 37. Rangi ya maji lita moja inaenda kama mita za mraba 10 kwa mkono mmoja ukuta ukiwa laini, mikono miwili ni lita 7 na nusu. Galoni mbili za lita 4 zinatosha kuta zote nne. Mkono wa kwanza kabisa pigeni praima ya bei nafuu, lipu mpya inakunywa rangi vibaya mno. Na mkifika ule ukuta mgonjwa rangi iwe ya maji, silki waachieni wengine, ule mng'ao unaziba.

Mr Mwenyewe

Nimekubali yaishe, paneli nimezifuta kwenye simu. Udongo tumeanza kuutoa jana jioni, mimi jembe yeye beleshi, tumefika nusu ya ukuta na tumekuta vinjia vya mchwa viwili. Swali la mwisho, ule udongo tunaoutoa ni mwingi, kuna anayejua kama unafaa kujazia shimo la zamani la taka nyuma ya nyumba au utatitia?

Fundi Mstaafu Kiloleni

Unafaa. Toa nailoni na makopo kwanza shimoni, mwaga udongo kidogo kidogo kama inchi 8, mwagia maji, shindilia kwa gogo, ndo umwage mwingine. Juu uache kichuguu kidogo maana lazima utatitia masika ya kwanza. Usijenge kitu juu yake, panda papai.

Binti wa Ng'ambo

Papai liko sawa, ila jembe ni la jirani, analitaka Jumamosi.